Ilibidi Tupande Ndege Ndipo Tujuane

Mwaka wangu wa kwanza hapa Wageningen, Uholanzi, jikoni kwenye hosteli tulikuwa Waafrika Mashariki watatu. Mimi mtoto wa Morogoro niliyesoma SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya milima ya Uluguru. Dada mmoja Mkenya aliyetoka Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro. Na kaka mmoja wa Makerere aliyeuita ugali posho na kuula kwa kulalamika, ila sahani ilirudi tupu. Wiki ya pili, tukiwa tunaosha vyombo, ndipo tukagundua kwamba wote watatu tuliandika utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu mihogo, na wawili kuhusu ugonjwa uleule wa michirizi kahawia. Hakuna aliyewahi kusikia kazi ya mwenzake. Kutoka Morogoro hadi Njoro ni basi, unalala njiani usiku mmoja. Sisi ilibidi tupande ndege hadi Amsterdam, treni hadi Ede, kisha basi, ndipo tujuane.

Sasa ni mwaka wa tisa niko huku, nafanya kazi ya maabara kwenye viazi. Nikipiga simu nyumbani naulizwa wenzetu wametuzidi nini, na najua jibu linalosubiriwa ni mashine. Mashine zipo, sikatai. Ila kitu ninachokionea wivu ni kadi ya karatasi.

Ugonjwa wa ukungu wa viazi, ule uliowatia Waairishi njaa miaka ya 1840, bado unawasumbua wakulima wa huku. Mtu akiona doa shambani, anakata kipande cha jani, anakigandamiza kwenye kadi maalumu, anaiacha ikauke, anaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Kadi ile inaua kimelea lakini inatunza vinasaba vyake, kwa hiyo inavuka mpaka bila kumbebea jirani ugonjwa. Zinakusanywa kutoka Uholanzi, Ubelgiji, Denmark, Uingereza na kwingineko, vinasaba vinasomwa, kisha inachorwa ramani moja ambayo yeyote anaweza kuifungua. Mtandao huo unaitwa EuroBlight, na ndani yake wamo watafiti wa vyuo vikuu, taasisi za utafiti na hata kampuni za dawa. Mwaka 2018 kizazi kipya cha ukungu kilionekana Denmark. Kilipokuja kuenea huku Uholanzi tayari kilikuwa na namba yake kwenye ramani. Hakuna aliyeanza moja.

Sasa linganisha na mihogo yetu. Michirizi kahawia ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 pale Amani, Usambara, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kwa miaka mingi tuliuhesabu kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, ukaendelea kuizunguka Kanda ya Ziwa. Unabebwa na nzi weupe, na unabebwa na sisi wenyewe, maana pingili za mihogo hazinunuliwi dukani, unapewa na shemeji. Ubaya wake ni kwamba shamba linaweza kusimama vizuri kabisa. Siku ya kung'oa ndipo unakuta muhogo umeoza ndani, mkavu, wa kahawia, haufai hata kwa makopa.

Yule dada wa Egerton aliwahi kuomba sampuli za majani kutoka upande wa pili wa mpaka ili alinganishe na zake. Akaandika barua, akasubiri, akaambiwa aandike nyingine. Miezi ikapita, muda wa utafiti ukaisha. Alikuja kuzilinganisha huku Uholanzi, na sampuli alizozikuta zimelala kwenye friza. Simlaumu ofisa wa karantini, kukataa ndiyo kazi yake, na pingili mbichi kweli ni hatari. Lakini jani lililokauka kwenye karatasi lina kosa gani?

Kwa wanafunzi ni hivyohivyo. Chuo Kikuu cha Ghent kinaongoza shahada ya uzamili ya maendeleo vijijini ambapo mtu anaweza kuanzia Ubelgiji, akasoma muhula Berlin, mwingine Rennes au Pisa, na alama zake zinamfuata bila ugomvi. Wageningen, Hohenheim, Copenhagen na Vienna walianzisha umoja wao wa vyuo vya kilimo mwaka 2001. Sisi mwenzangu akihama chuo ndani ya nchi moja anaweza kurudishwa mwaka wa kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili tuliwahi kuwa nalo. Kati ya 1963 na 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Sheria ilisomwa Dar es Salaam, udaktari wa mifugo Kabete kule Nairobi, kilimo Makerere. Wazee waliotutangulia walisoma na Waganda na Wakenya, wakafahamiana kwa majina ya utani. Utafiti wa kilimo nao ulikuwa na kituo cha pamoja Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kila nchi ikabaki na kilichokuwa kwenye ardhi yake. Jumuiya imerudi, lakini jikoni ya pamoja bado.

Najua nitaambiwa kuna RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika kwa ajili ya kilimo, ulioanzishwa 2004 na makao yake yapo Kampala, na kuna Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki tangu 1980. Zinafanya kazi, sibishi. Lakini mimi nimemaliza miaka yangu yote SUA sijawahi kuguswa na hata moja. Niliowaona ni wageni wa Ulaya. Kila chuo chetu kina kamba yake ya kwenda kaskazini: SUA na Norwei, SUA na Wabelgiji wa Antwerp waliotuletea mradi wa panya buku wanaonusa mabomu. Nawashukuru, panya wale ni fahari ya Morogoro. Ila kamba ya kwenda Njoro ni nyembamba mno, na nadhani sababu ni kwamba posho ya safari ya Njoro haipendezi kama ya Oslo. Nimesema.

Na wala huku si peponi. Oktoba 2019 wakulima wa Uholanzi waliingiza matrekta barabara kuu, wamekasirishwa na mipango ya kupunguza naitrojeni inayotoka kwenye mifugo yao, na wengi wao waliwaona wataalamu kama watu wanaowaamulia kutoka ofisini. Kwenye mikutano yetu Mdachi na Mdenishi wanazungumza Kiingereza, mkulima hayupo. Hapo ndipo tunawazidi, tena kwa mbali. Mkulima wa Muheza na wa Busia ukiwakalisha chini ya mwembe hawahitaji mkalimani. Michirizi kahawia, batobato (ugonjwa mwingine wa mihogo), pingili, makopa: kila mmoja anajua kinachosemwa. Halafu sisi wasomi tunakwenda kuandika kwa Kiingereza tasnifu inayosomwa na msimamizi peke yake.

Wiki iliyopita yule dada, ambaye siku hizi amerudi kufundisha Kenya, alinitumia picha ya jani kutoka shamba moja la Busia. Mishipa ya jani ina manjano ambayo hakuielewa. Nikamtumia picha hiyo rafiki yangu Morogoro, akajibu ndani ya dakika kumi kwamba anazo kama hizo, akaomba aone mzizi. Nikairudisha kwa dada. Jioni nzima nilikuwa posta. Mwishowe nikawapa namba, kila mmoja ya mwenzake, nikaenda kulala.