Misingi ya mitambo ya upepo baharini: hatari ipimwe wakati gani?

Tarehe 2 Mei 2020, katika bandari ya Rostock, Ujerumani, kreni ya meli mpya iitwayo Orion ilikuwa kwenye majaribio. Mzigo ulikusudiwa kufika tani 5,500. Ulipofika kama tani 2,600 ndoano ikakatika, na mkono mrefu wa kreni ukarudi nyuma kwa kishindo na kuangukia meli. Watu waliumia, hakuna aliyekufa. Orion iliundwa kwa kazi kubwa za baharini, ikiwemo kusimika misingi ya mitambo ya umeme wa upepo. Kuhusu kazi hizo kuna mabishano: hatari ipimwe tangu msingi unapochaguliwa, au siku ya kazi yenyewe?

Wapo wanaosema tukio lile ni ushahidi kwamba utaratibu wa majaribio unafanya kazi: udhaifu ulijitokeza gatini kabla nguzo yoyote haijaning'inizwa juu ya maji. Nakubali, ila nusu tu. Ndoano ilikatika kabla ya kufika hata nusu ya mzigo wa majaribio, na kwenye jaribio watu wanaweza kuwekwa mbali na mzigo, jambo lisilowezekana kwenye kazi ya kila siku, ambapo mabaharia lazima wawe karibu nao.

Sasa tazama aina za misingi. Iliyoenea zaidi ni monopaili, bomba nene la chuma lenye kipenyo cha mita kadhaa na uzito unaoweza kupita tani 1,000, linalopigiliwa kwenye sakafu ya bahari kwa nyundo kubwa. Watetezi wake wana hoja nzito: kupigilia nguzo moja ni kazi ya saa chache, na kila saa mtu asiyokuwa baharini ni saa ambayo bahari haiwezi kumdhuru. Hatari yake huja ghafla. Nguzo ikishapenya tabaka gumu na kukuta udongo laini chini yake, inaweza kuporomoka yenyewe kwa mita nyingi na kuondoka na nyundo, huku kreni ikivutwa. Dawa yake ni kupima udongo mahali hasa patakaposimama kila nguzo, kazi ya gharama ambayo wenye bajeti huiona rahisi kuipunguza.

Huko Fécamp, Ufaransa, walichagua njia nyingine: mitambo 71 juu ya misingi ya zege inayosimama kwa uzito wake, kila mmoja takriban tani 5,000, iliyojengwa nchi kavu bandarini Le Havre. Hakuna nyundo, na kazi nyingi ya zege hufanyika mahali ambapo gari la wagonjwa hufika kwa dakika chache. Lakini sakafu ya bahari lazima isawazishwe kwanza, halafu mzigo huo wote usafirishwe na kushushwa. Hatari imehama tu, haijatoweka.

Kuna jambo ambalo jedwali la hatari, lile la kuzidisha uwezekano kwa ukubwa wa madhara, hulificha. Kati ya 2009 na 2010 iligundulika kwamba katika mitambo mingi ya Bahari ya Kaskazini, zege linalounganisha nguzo na kipande cha juu kinachobeba mnara lilikuwa limeachia, na vipande vikateremka taratibu. Viwango vya usanifu vilirekebishwa, lakini mafundi walilazimika kurudi baharini kukagua na kutengeneza, wakipanda ngazi kutoka kwenye mashua zinazoyumba. Saa hizo za hatari zilizaliwa mezani kwa msanifu, miaka kabla.

Kwa hiyo naegemea upande wa wanaotaka tathmini ianze kwenye uchaguzi wa msingi. Hata hivyo wanaosisitiza ukaguzi wa siku ya kazi wana jibu ambalo siwezi kulipuuza, nalo ni Fujing 001. Meli hii ya kreni ilihusika na ujenzi wa mitambo ya upepo karibu na Yangjiang, Uchina. Tarehe 2 Julai 2022 ilikuwa imetia nanga ikijikinga na kimbunga Chaba. Mnyororo wa nanga ukakatika, meli ikavunjika vipande viwili. Kati ya watu 30 waliokuwemo, wanne tu waliokolewa.

Hakuna msingi uliochaguliwa vizuri ambao ungewaokoa watu wale. Kilichohitajika ni kuwashusha kabla ya kimbunga. Tathmini ya ujenzi wa namna hii ningeifungua kwanza kwenye ukurasa unaotaja upepo ukifika kasi gani watu wote wanaondoka melini, na nani mwenye mamlaka ya kuamuru hivyo bila kusubiri simu kutoka ofisini.