Nishike Nywele Zipi?

Jamani, mimi kichwani sina kitu. Nasema nywele, si akili. Kipara changu jua likiwaka unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Sasa mwezi uliopita hapa Leicester, Uingereza, nimepiga ovataimu saa 14 ghalani, mshahara unaingia, hata saa moja haimo. Nikamfuata msimamizi na karatasi yangu mkononi. Sikumtukana. Nilipandisha sauti kidogo tu, ile ya kumwambia konda kituo kimepita. Akanijibu: "Keep your hair on, mate."

Yaani nywele zibaki kichwani! Nikajipapasa. Naye akakitazama kipara, akagundua, akaanza kukohoa.

Kwetu ukiambiwa "punguza munkari" unajua cha kupunguza. Hawa kila mtu na lake. Mmarekani atakwambia usivue shati, na hilo angalau naelewa, maana hata Manzese anayetaka ngumi huanza na shati. Kijana wa zamu ya usiku kaniambia "take a chill pill", yaani nimeze kidonge cha kutulia, nusura niende famasi kuulizia. Lakini yule mama wa mapokezi, mtu mzima wa rika la shangazi yangu, saa ya chai, mbele za watu, ananiambia nisijisokote chupi! Tena za kike! Chai ilinipalia.

Na msimamizi ana kikombe chekundu: "Keep Calm and Carry On", yaani tulia, uendelee na kazi. Serikali yao ilichapa mabango hayo mwaka 1939, zaidi ya milioni 2, vita vikianza, lakini karibu yote yakabaki stoo, na mwaka 1940 mengi yakasagwa kuwa karatasi upya. Mwaka 2000 moja likaibuka kwenye duka la vitabu vya mitumba huko Alnwick, ndipo yakageuka vikombe. Mabomu yote yale hawakuyabandika, wakanitunzia mimi na saa zangu 14.

Usiku mama akapiga kutoka Tanga. Mvua zimeanza, paa linavuja, hela ya mabati lini? Nikamwambia nasubiri malipo. Akauliza tena. Akauliza tena. Nilitaka kusema "subiri kidogo", ulimi ukateleza: "Mama, hold your horses!"

Kimya. Kisha nikamsikia mpwa wangu wa darasa la sita, mkalimani wa nyumba nzima: "Bibi, anasema shika farasi wako."

"Farasi? Huyu kanunua farasi, mimi nalala na ndoo kitandani?"