Nani anakagua makisio ya Hazina?

Kenya haikosi macho ya kulinda pesa za umma. Katiba ya 2010 ilimpa Msimamizi wa Bajeti kipindi kimoja cha miaka 8, na bila idhini yake pesa hazitoki Mfuko Mkuu wa serikali. Mkaguzi Mkuu huja baadaye kupekua vitabu. Pengo liko mwanzoni kabisa, kwenye makisio ya ushuru: Hazina inapanga matumizi, na ni Hazina hiyo hiyo inayokadiria mapato ya kuyagharamia.

Makisio yakitiwa chumvi, bajeti ya Julai inaonekana sawa kwenye karatasi. Miezi michache baadaye ushuru haujafika, mgao wa kaunti unachelewa, wakandarasi wamekaa na madai yasiyolipwa, na bajeti ya ziada inaletwa bungeni. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia hadi asilimia 10 zaidi ya kilichoidhinishwa, kisha iombe kibali ndani ya miezi 2. Msimamizi huuliza kama sheria inaruhusu pesa kutoka. Hana nguvu ya kuikataa bajeti eti mapato hayatatosha.

Kule Uingereza makisio yaliondolewa mikononi mwa Hazina mwaka 2010, yakapewa ofisi huru, OBR, na sheria ya 2011 ikaipa haki ya kupata taarifa za serikali inazohitaji. Mwenyekiti hateuliwi wala hafutwi bila ridhaa ya kamati ya Bunge. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mlinzi naye anachungwa: kila mwaka OBR hupima makisio yake ya nyuma hadharani, na angalau mara moja kila miaka 5 hukaguliwa na mtu wa nje.

Septemba 23, 2022, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo kubwa la kodi bila makisio ya OBR. Pauni ikaporomoka, na Benki Kuu ya nchi hiyo ikalazimika kununua hati fungani za serikali kunusuru mifuko ya pensheni.

Kwetu hatuhitaji jengo jipya. Ofisi ya Bajeti ya Bunge imo tayari katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Ipewe takwimu za ushuru kila mwezi, moja kwa moja, bila kuandika barua za kuomba. Itoe makisio yake kabla ya Februari 15, siku ya mwisho ya Hazina kuwasilisha Taarifa ya Sera ya Bajeti, maana baada ya hapo Bunge lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Waziri akishika tarakimu tofauti, aeleze sababu kwa maandishi. Na mkurugenzi wa ofisi hiyo alindwe kama Msimamizi alivyolindwa, asije akafutwa kwa kutaja nakisi ambayo wakubwa hawakutaka isikike.