Hakukosa kitu

"Hakukosa kitu." Ndugu yangu aliyasema maneno haya wiki mbili zilizopita, tumesimama koridoni hospitali, mama yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, kalazwa ndani na upande wa kushoto umelegea wote. Aliyasema kwa uchungu, na aliyoyataja yote ni kweli: nyumba nzuri Fuoni, feni, televisheni, friji limejaa, vidonge vya presha havikatiki, na ukuta mrefu wenye geti la chuma ili wezi wasimsumbue. Pale sikumjibu, machozi yalinikaba. Namjibu hapa, na jibu lenyewe linatuhusu wengi.

Mama mkubwa amezaliwa Wete, Pemba, na kakulia Wete, na maisha yake yote kakaa na watu. Akishaswali alasiri anatandika mkeka kibarazani, huyu kaja na ukili wake, yule kaja na ungo wa mchele, wa tatu hana kazi yoyote, kaja kuzungumza tu. Mumewe alipofariki alikaa eda miezi minne na siku kumi, na nakwambieni, siku zote zile hakuwa peke yake hata saa moja. Mmoja analeta uji, mwengine analala naye, watoto wanapita katikati. Eda ikesha, kila mtu akarudi kwake. Mwanawe akamchukua akamleta Unguja, kwa nia safi kabisa, akamuweka ndani ya ukuta. Yeye na mkewe wanatoka asubuhi, wanarudi magharibi. Mama mkubwa alianza upweke siku ile ile aliyoruhusiwa kutoka nje.

Tumezoea kusema upweke ni maradhi ya Ulaya, kwamba sisi tuna undugu, misikiti, baraza za kahawa. Tunavyo, alhamdulillahi. Lakini huyu bibi wa Fuoni alikuwa na kipi katika hivyo, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni?

Na mwili unalipa. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko baada ya kupitia tafiti nyingi: kukaa mbali na watu, na kujihisi mpweke, kunaambatana na ongezeko la takriban asilimia 30 la hatari ya mshtuko wa moyo au kiharusi. Mtu asiye na wenzake, mwili wake unakaa macho kama wa anayelala nyumba isiyo na mlango. Adrenalini na kotisoli, zile homoni za hofu na wasiwasi, hazitulii, mishipa inakaza, presha inapanda, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Ikienda hivyo miaka, ule utando laini wa ndani ya mshipa unaumia na kuvimba, mafuta yanapata pa kujishikiza, mshipa unakuwa mgumu na njia ya damu inabana. Wazee waliposema upweke ni uvundo, nadhani waliona mtu anavyooza ndani huku nje mzima.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1980 ambao siku hizi haunitoki kichwani. Sungura walilishwa chakula kile kile chenye kolesteroli nyingi. Baadhi yao, kila siku mtu alikuja akawashika, akawapapasa, akasema nao. Walipochunguzwa mishipa, hao waliopapaswa madoa ya mafuta yalikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 60. Binadamu si sungura, najua. Lakini wale wengine walikula sawasawa na wenzao. Nao hawakukosa kitu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mgonjwa wa moyo naye hujifungia ndani, kwa hiyo si kila mara utajua kipi kilitangulia. Nakubali pia kwamba mama mkubwa ana presha ya miaka kumi na mbili na papa mkavu hajawahi kumuacha. Dawa asiache mtu, chumvi ipunguzwe. Mwanawe wa kike anampigia simu ya video kila Ijumaa kutoka Maskati, na hilo lina kheri yake. Ila kwenye kliniki anayohudhuria, miaka yote hii wanamuuliza chumvi, wanamuuliza mazoezi, na hajatokea hata mmoja akamuuliza: bibi, mchana unakaa na nani?

Siku ile alianguka jikoni baada ya swala ya dhuha. Jirani alikuja kabla ya adhuhuri na sahani ya muhogo wa nazi, akapiga hodi mara tatu. Akaona kufuli limetiwa kwa nje, akajua nyumba haina mtu, akarudi na sahani yake. Mama mkubwa alimsikia. Ulimi ulikuwa mzito, sauti haikufika getini. Alikutwa magharibi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, hata pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kule Wete, kibarazani, mdomo usingewahi kupinda kabla mtu hajasema, "We, bibi, mbona umekaa hivyo?"

Amerudi nyumbani Jumamosi. Nimetandika mkeka nje ya geti, chini ya mwarobaini, na yule jirani anakuja kila alasiri na ukili. Mkono wa kushoto haushiki, kwa hiyo jirani anashika upande mmoja na mama mkubwa anapitisha kwa wa kulia, pole pole, wanakosea, wanafumua. Jana alicheka.

Ndugu yangu bado ananiambia habari za wezi. Kila asubuhi analitafuta kufuli. Ninalo mimi, mkobani.