Zawadi ya makaratasi, na naitetea

Juzi tulikuwa na sherehe ya kumuaga mama mdogo wangu anayestaafu, mwalimu wa shule ya msingi, kafundisha Newala, kafundisha Tandahimba, kamalizia hapa hapa Mtwara mjini. Ukafika muda wa zawadi. Watu wakajipanga na vitenge, seti za vyombo, bahasha, feni, kuna waliokuja na godoro wamelibeba juu juu wanacheza nalo, vigelegele kama vyote. Sisi watoto tukampa kitabu, albamu ya kumbukumbu tumeitengeneza wenyewe, picha za maisha yake na maandishi pembeni. Mzee mmoja meza ya jirani, mtu mzima na heshima zake, akasema kwa sauti ya kusikika kabisa, "Yaani watoto wote hao wamekaa kikao wakaamua kuleta makaratasi?"

Watu wakacheka. Mimi iliniuma na bado inaniuma, ndo maana naandika.

Nakubali kwa shingo upande kwamba mstaafu anahitaji hela. Kiinua mgongo kina mambo yake na godoro ni godoro. Sawa. Lakini seti ya vyombo mama mdogo anazo kabatini tangu harusi ya binti yake wa kwanza na hazijawahi kutoka hata siku ya Idi, hiyo ya juzi imeenda kukaa na wenzake.

Sasa nisikilizeni. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zenye albamu chini ya meza ya sebuleni, mgeni akifika anapewa soda na albamu, ndo ilikuwa heshima. Nendeni mkazifungue hizo albamu leo. Zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu zimeng'ang'ania picha, ukivuta inachanika, na picha za rangi za miaka ya themanini zimegeuka nyekundu nyekundu watu wote kama wamepakwa udongo. Hilo linaumiza ila siyo kubwa. Kubwa ni hili, ukimuuliza mtu "huyu aliyesimama na bibi ni nani?" unaambiwa "mmh, huyo nadhani alikuwa jirani wa Lindi." Nyuma ya picha hakuna kitu. Hakuna jina, mwaka wala mahali. Mtu mzima aliyeishi, akazaa, akalima, akazikwa, amebaki kuwa "nadhani jirani."

Na sisi watu wa kusini tungekuwa wa kwanza kulijua hili. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, watu wetu wakaibeba kwa miguu, vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200, ikapanda meli, na mpaka leo lile dude kubwa limesimama kwenye makumbusho Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Picha za kazi ile zipo, unaona mashimo, unaona mizigo, unaona wanaume wamesimama wanatazama kamera. Msimamizi wao Boheti bin Amrani jina lake limeandikwa, linajulikana. Wengine wengi hawana majina. Mifupa ilipewa alama na namba ili ikifika Ulaya wajue upi umetoka shimo gani, waliobeba wengi wao hawakuandikwa. Kila nikiwaza hivyo nakasirika, kwa sababu pale kwenye zile picha kunaweza kuwa na babu wa babu wa mtu anayesoma hapa, na hakuna wa kumuonyesha kwa kidole.

Wageni wale walikuwa na sababu zao za kutokuandika. Sisi tuna sababu gani kwa mama zetu?

Ndo maana kitabu chetu kazi kubwa haikuwa picha, ilikuwa majina. Mama mdogo tulimficha, kwa hiyo picha tulizichukua kwa mjomba Nachingwea, na mnajua mjomba kwetu siyo ndugu wa pembeni, mambo ya ukoo yote yanapita kwake. Tukakaa naye jioni kibarazani, sahani ya ming'oko, viazi pori vya kwetu, katikati, simu inarekodi, tunampa picha moja moja. Kuna moja ya Newala, mama mdogo bado msichana, sketi ya bluu, nyuma yake mstari wa ndoo mpaka picha inaisha. Mimi siku zote nilidhani ni siku ya usafi shuleni. Mjomba akaishika karibu na macho, akakaa kimya kidogo, akasema hapana, hiyo ni foleni ya maji, kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa shida, wanawake wanashuka bondeni usiku usiku, na mwalimu mgeni hakuna aliyemwekea ndoo yake kwenye foleni mpaka yule mama mwenye kilemba cha njano alipomwita mwanangu. Akataja jina la yule mama. Akataja na mtoto wake aliyembeba mgongoni, mguu tu ndo unaonekana kwenye picha.

Tumeandika vyote, mpaka mwenye mguu.

Siku ya sherehe mama mdogo alipofika ukurasa ule alisoma lile jina kwa sauti, mara mbili, akafunga kitabu akakikumbatia. Yule mzee hakuona maana alikuwa anaangalia godoro.

Kuna watakaosema picha zote ziko kwenye simu. Simu inaibiwa, inaingia maji, memori inajaa unafuta, na picha ikitumwa WhatsApp kawaida inapunguzwa ubora, ukiisafisha inatoka na ukungu. Kama lazima utume basi itume kama dokumenti.

Na kwa wale mtakaotaka kutengeneza, msiende kununua vile vyenye pambo la kumetameta na maneno ya Kiingereza yaliyokwisha andikwa, mama yako hajawahi kuongea hivyo. Kaunta buku nzuri yenye jalada gumu inatosha. Picha za zamani usizibandike kwa gundi wala selotepu, selotepu inageuka njano na kuacha alama, kata karatasi nyeupe utengeneze vipembe vinne, picha ichomekwe, siku ukitaka kuitoa inatoka nzima. Gundi ya unga ndo kabisa msiiguse, mende na wadudu wanaipenda. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, polepole, kalamu ya wino inakandamiza mpaka mbele. Kuna watu wanapeleka picha ya pekee ya marehemu baba ikapigwe lamineshen, tafadhali, ile haivuliki tena, peleka kopi. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiivute, iskani ikiwa ndani ya kioo hivyo hivyo. Tiketi au risiti za mashine zipige kopi mapema kwa sababu maandishi yake yanafutika yenyewe. Picha mpya zisafishwe studio kwenye karatasi ya picha, zile za printa ya wino zikipata unyevu rangi nyingi zinatiririka, na sisi wa pwani unyevu tunaujua. Kitabu kikae kabatini juu, mbali na ukuta unaopata mvua.

Sisi tuliweka na kipande cha kanga aliyobebea mtoto wake wa kwanza, na barua mama mkubwa aliyoituma kutoka Dar zamani kabla ya daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji, kufunguliwa 2003, mvua ikinyesha unaweza kukwama njiani siku na siku na barua nayo inakwama na wewe. Vijana wengi hawajui hiyo barabara ilikuwaje mpaka ilipokatika tena Mei 2024 pale Somanga wakaonja kidogo.

Gharama? Chini ya seti ya vyombo, mbali sana. Kilichotugharimu ni kukaa na wazee na kuuliza, na kuvumilia wakibishana. Mjomba anasema picha ya mahafali ni Kitangari, mama mdogo mwenyewe kaisoma juzi anasema ni Mkunya, mjomba hajui kuangalia milima. Nimeandika zote mbili, kila mmoja na jina lake pembeni kwamba yeye ndo kasema hivyo. Kurasa za mwisho tuliziacha wazi makusudi, na mama mdogo ameshaanza kuzijaza mwenyewe kwa ule mwandiko wa ubaoni, anaandika wanafunzi wake, darasa kwa darasa, kila anayemkumbuka. Jana kanipigia simu usiku ananiuliza jina la baba wa mtoto fulani wa Tandahimba aliyekuwa anakuja shule na korosho mfukoni. Silijui. Kama unalijua, au wewe ndo huyo mtoto, nitafute inbox, nafasi yako ipo.