Ubingwa wa Liverpool wa 1947: Ni Mpira au ni Nyama ya Marekani?

Shabiki wa Liverpool na wa Manchester United wakikutana kijiweni leo na kuanza kuhesabiana ubingwa wa ligi, hakuna wa kumcheka mwenzake: 20 kwa 20. Wengi hawajui kwamba ndani ya ile 20 ya Liverpool kuna ubingwa mmoja uliopatikana kwa pointi moja tu, na walioachwa kwa pointi hiyo ni United wenyewe. Ni ule wa msimu wa 1946/47, msimu wa kwanza wa ligi kamili baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Liverpool walimaliza na pointi 57, United 56, Wolves 56, Stoke City 55. Enzi hizo ushindi ulikuwa na pointi 2.

Ubingwa huo haujawahi kuachwa upumue. Wapo wanaosema ulipatikana mezani, tena meza ya chakula: Waingereza wanaishi kwa mgawo, wachezaji wa Liverpool wanapelekwa Marekani kula nyama, wanarudi na misuli, wanachukua kombe. Wengine wanaongeza kwamba ligi yenyewe ilikuwa imevurugika, timu kubwa zimebomolewa na vita, kwa hiyo bingwa yeyote wa mwaka ule ni bingwa wa bahati. Hoja hizi si za kupuuza. Mimi nadhani hitimisho lake halisimami, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuzipe haki yake.

Ligi ilisimama Septemba 1939 timu zikiwa zimecheza mechi tatu tu kila moja. Miaka saba iliyofuata ulichezwa mpira wa kanda na wa kuburudisha wanajeshi, na msimu wa 1945/46 ulikuwa na Kombe la FA lakini haukuwa na ligi ya taifa zima. Ilipofunguliwa tarehe 31 Agosti 1946, wakubwa wa ligi walitoa ratiba ileile ya 1939 wakaitumia kama ilivyo, kana kwamba vijana waliokuwa na miaka 22 wakati ule hawakuwa na 29 sasa. Wengine hawakurudi kabisa. Arsenal, mabwana wa miaka ya 1930, walipoteza wachezaji tisa vitani, na msimu huo walimaliza nafasi ya 13. United hawakuwa hata na uwanja. Mabomu ya Wajerumani yaliangukia uwanja wao, Old Trafford, mwezi Machi 1941, na hadi 1949 walikuwa wapangaji wa Maine Road, kwa mahasimu wao Manchester City, wakilipa kodi na kugawana mapato ya mlangoni.

Anfield, uwanja wa Liverpool, ilikuwa imesimama. Hiyo peke yake ni faida.

Sasa safari. Mei na Juni 1946, Liverpool walizunguka Marekani na Kanada wakicheza mechi 10 na kushinda zote 10, mabao 70. Idadi ya mabao haina maana, maana wapinzani wengi walikuwa dhaifu. Lililokuwa na maana ni sahani. Mwenyekiti wa klabu, Bill McConnell, alikuwa mfanyabiashara wa migahawa, mtu anayejua chakula kinafanya nini kwa mwili wa mtu anayefanya kazi ya nguvu. Alijua kwamba wachezaji wake wamekula kwa vitabu vya mgawo kwa miaka sita, na alijua Marekani kuna nyama, mayai, maziwa na maji ya machungwa ya kunywa mtu ashibe. Wachezaji walirudi wameongezeka uzito, karibu kilo tatu kila mmoja. Na waliorudi waliikuta Uingereza ambayo mwezi wa Julai 1946 iliingiza mkate kwenye mgawo, jambo ambalo halikufanyika hata siku moja wakati wa vita. Ukiweka picha hizo mbili pamoja, unaelewa kwa nini masimulizi haya yameshika. Timu moja imeshiba, nyingine 21 zina njaa.

Ila uchambuzi wa mpira unaanza pale unapofungua matokeo. Kama chakula ndicho kilichowabeba, kilipaswa kuonekana mwanzo wa msimu, mwili ukiwa bado na akiba. Wiki mbili za kwanza za Liverpool zinasema kinyume. Mechi ya kwanza walishinda 1-0 ugenini kwa Sheffield United. Ya pili wakafungwa 1-0 nyumbani na Middlesbrough. Tarehe 7 Septemba wakawapiga Chelsea 7-4, mechi iliyokuwa 6-0 kisha ikarudi hadi 6-4, na mashabiki wa Anfield wakakaa roho juu mbele ya ushindi ambao ulikuwa umekwisha kuwa wao. Siku nne baadaye wakaenda Maine Road, United wakawachapa 5-0. Hesabu mwenyewe: mechi tatu mfululizo, mabao 10 kwenye nyavu zao. Timu ya kilo tatu za nyongeza haikuweza kukaba.

Kilichobadilisha mambo kilikuja wiki hiyohiyo, nacho kilikuwa fedha. Newcastle, waliokuwa daraja la pili, walikuwa tayari kumuuza mshambuliaji wao Albert Stubbins, mtu wa nywele nyekundu aliyefunga zaidi ya mabao 200 katika mechi za wakati wa vita. Liverpool na Everton walifika kwa pamoja. Stubbins alikuwa ndani ya sinema, akaitwa kwa tangazo lililoandikwa kwenye skrini. Alisimulia baadaye kwamba alipofika ofisini alirusha sarafu ili ajue azungumze na nani kwanza. Ikaangukia Liverpool. Pauni 12,500, kiasi ambacho klabu hiyo haikuwahi kumlipia mchezaji yeyote. Tarehe 14 Septemba aliichezea Liverpool ugenini kwa Bolton, wakashinda 3-1, naye akafunga.

Hapa ndipo wanaoutilia shaka ubingwa huu wana hoja nzito kuliko ile ya nyama, na nashangaa hawaitumii. Matt Busby, kocha kijana wa United aliyekuwa nahodha wa Liverpool kabla ya vita, alimchukua winga Jimmy Delaney kutoka Celtic kwa pauni 4,000 na akajenga kilichobaki kwa watu aliowakuta: Carey, Rowley, Pearson, Mitten. Aliwahamisha nafasi, akampeleka Johnny Carey kwenye ulinzi, na timu isiyo na kwake ikamaliza ya pili nyuma ya timu yenye uwanja na yenye fedha. Ukiniuliza ni klabu gani ilifanya kazi kubwa zaidi msimu ule kwa kile ilichokuwa nacho, nitasema United, bila kusita. Miaka iliyofuata ilithibitisha: Liverpool walianguka hadi nafasi ya 11 msimu wa 1947/48, United wakashika tena ya pili na kubeba Kombe la FA la 1948.

Lakini swali la nani alijenga vizuri si swali la nani alistahili ubingwa. Na Liverpool nao hawakuwa watoto wa mayai walioikwepa vita. Mwaka 1939 wachezaji wao walijiunga na jeshi la akiba kwa pamoja, kama timu. Beki wao, Tom Cooper, aliyewahi kuwa nahodha, alikufa 1940 kwa ajali ya pikipiki akiwa kazini jeshini. Bob Paisley, aliyesajiliwa 1939, alipigana Afrika Kaskazini na Italia kabla ya kucheza mechi yake ya kwanza ya ligi. Billy Liddell alikuwa akisoma ramani ndani ya ndege za kivita. Alisajiliwa 1938, kwa pendekezo la Busby huyohuyo, na ligi yake ya kwanza ikaja akiwa na miaka 24. Miaka ambayo winga hujifunzia kazi yake alikuwa angani.

Halafu kuna Jack Balmer. Mtoto wa jiji hilohilo, na bado mashabiki wa nyumbani walimzomea kwa miaka, wakisema anaogopa kugongana. Novemba 1946 alifunga mabao matatu dhidi ya Portsmouth, wiki iliyofuata manne dhidi ya Derby, wiki iliyofuata matatu dhidi ya Arsenal. Mabao kumi ndani ya mechi tatu, yote yake. Yeye na Stubbins walimaliza ligi na mabao 24 kila mmoja. Mmoja aligharimu pauni 12,500, mwingine alikuwepo tangu zamani akizomewa. Hoja ya fedha inaeleza nusu ya mabao hayo tu.

Hata baada ya Novemba hiyo timu haikuwa ya kutisha. Tarehe 7 Desemba Wolves walikuja Anfield wakashinda 5-1. Kisha ikaja baridi. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi 1947 Uingereza iliganda. Makaa ya mawe yakapungua, viwanda vikazimwa umeme, mechi zikaahirishwa kila wiki. Serikali ikazuia michezo ya katikati ya wiki ili watu wasiache kazi, kwa hiyo viporo vyote vikasukumwa kwenye Jumamosi za mbele, na ligi iliyopaswa kuisha masika ikaenda hadi tarehe 14 Juni. Katika baridi hiyo, robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Birmingham, Liddell alipiga mpira wa adhabu wa chini, na Stubbins akajirusha kwa kichwa, mwili umenyooka karibu na ardhi, akaufuata mpira hadi wavuni na kuteleza juu ya barafu. Alinyanyuka magoti yanavuja damu. Liverpool walishinda 4-1, ingawa safari yao ya kombe iliishia nusu fainali kwa Burnley.

Wanaosema msimu ulivurugika wanamaanisha hiki, na ni kweli ulivurugika. Ila uliwavurugikia wote, na tazama ulimwachia nini nani. Tarehe 3 Mei, United walikuja Anfield. Hawa ndio waliowapiga 5-0. Liverpool wakashinda 1-0, bao la Stubbins. Sare tu siku hiyo ingeifikisha United pointi 57 na kuiacha Liverpool na 56, na ubingwa ungekwenda Manchester. Baada ya hapo Liverpool walibaki na mechi nne, zote ugenini. Kwa Charlton wakashinda 3-1, kwa Brentford wakatoka 1-1, kwa Arsenal wakashinda 2-1. Ya nne ilikuwa Molineux, tarehe 31 Mei, kwa Wolves waliowapiga 5-1 na ambao sare tu ingewatosha kuwaweka juu ya Liverpool.

Siku ilikuwa ya joto kali. Balmer alifunga la kwanza. Kabla ya mapumziko Bob Priday alitoa mpira mrefu, Stubbins akakimbia nao na kumwacha nyuma beki na nahodha wa Wolves, Stan Cullis, aliyekuwa akicheza mechi ya mwisho ya maisha yake. Cullis angeweza kumshika jezi. Hakumshika, alisema hakutaka kukumbukwa kama mtu aliyeamua ubingwa kwa rafu. Likawa la pili, Wolves wakarudisha moja tu.

Hapa ndipo hoja ya nyama inapokufa, kwa maoni yangu. Chakula cha Juni 1946 hakimkimbizi mtu Mei 1947, baada ya mwaka mzima wa mgawo uleule waliokula wengine. Timu mbili zilizowadhalilisha kabla ya hapo, Liverpool walizifunga zote mbili mwishoni, moja kwa bao moja na nyingine 2-1, siku ambazo kila pointi ilikuwa kombe. Hiyo ni kazi ya George Kay, kocha ambaye historia imemtendea vibaya. Alianza msimu na timu iliyoruhusu mabao 10 katika mechi tatu, na akaimaliza ligi ikiwa imefungwa 52 katika mechi 42.

Safari ilisaidia jambo moja ambalo halipimwi kwa mizani: wiki kadhaa za watu waliotawanywa na jeshi kuishi pamoja na kucheza pamoja kabla ya wengine. Hilo nalikubali.

Bahati nayo ilikuwepo, na ilikuwa na jina la Stoke. Liverpool walipomaliza mechi zao Stoke walikuwa bado na moja, ugenini kwa Sheffield United tarehe 14 Juni. Wangeshinda wangefikisha 57, na kwa wastani wa mabao wangekuwa mabingwa kwa mara ya kwanza katika maisha ya klabu yao. Walifungwa 2-1. Liverpool walikuwa uwanjani Anfield siku hiyo wakicheza fainali ya kombe la mji dhidi ya Everton, na habari ikatangazwa kwa vipaza sauti mpira ukiwa bado unachezwa. Lakini bahati hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Stoke walikuwa na Stanley Matthews, winga bora kuliko wote Uingereza, na mwezi Mei, zikiwa zimebaki mechi tatu, walimuuza Blackpool kwa pauni 11,500 kwa sababu yeye na kocha Bob McGrory walishindwa kuelewana. Anayetafuta klabu ya kuhojiwa juu ya ubingwa wa 1947, aanze na wao.