Tumetoka msibani, wakanipeleka kula kuku

Wiki iliyopita tulikwenda kuhani kwa jirani wa mama mkwe wangu, hapa Quezon City, Ufilipino. Tumekaa hadi saa tano usiku, tumeaga, na hakuna aliyeinuka kutusindikiza. Hata hadi mlangoni. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwamba mgeni husindikizwa mpaka njia panda, nikanuna. Kumbe ndiyo adabu yao: mfiwa hasindikizi mtu, asije akaita kifo kingine.

Na kutoka pale hatukwenda nyumbani. Tukaingia mgahawa wa Jollibee, usiku ule, kula kuku wa kukaanga na tambi tamu. Tambi za sukari nazijua jamani, za nazi na iliki. Hizi zina mchuzi wa nyanya na vipande vya soseji! Desturi hiyo wanaiita pagpag, yaani kukung'uta. Ukitoka msibani sharti upite mahali kwanza, ili roho ya marehemu ikikufuata iishie hukohuko.

Nikacheka. Halafu nikiwa natafuna paja la kuku nikaona kicheko changu kimekosa haki. Hawa wanaokwepa kufuatwa na maiti usiku mmoja ndio haohao wanaomfuata wenyewe kaburini kila mwaka, na masufuria.

Tarehe 1 Novemba hapa ni sikukuu ya taifa. Makaburini unakuta viti, miavuli, wali, watoto wanafinyanga mabonge ya nta ya mishumaa. Mmoja anapaka rangi upya jina la babu, mwingine amelala juu ya saruji. Polisi wako getini wanakamata pombe, visu na karata, maana wanawajua watu wao. Mama mkwe ni Mwilokano, kabila la kaskazini, kwa hiyo yeye humtengea marehemu sahani yake kabisa, iitwayo atang, na hakuna wa kuigusa mpaka wenyewe "washibe".

Sisi je? Sisi tunajua kuzika. Kamati, sare, mpiga picha wa video, mshereheshaji, pilau, na lile daftari la rambirambi. Arobaini ikipita, basi. Nilipokuja nyumbani likizo nilitaka kuona kaburi la baba. Mimi na kaka yangu tulizunguka kwenye majani saa nzima tukisoma misalaba ya watu wengine, mpaka kijana mmoja mwenye panga akatuonyesha kwa malipo. Gharama ya hema la siku ya mazishi ingelipa mfyekaji miaka kumi.

Najua mnachotaka kusema. "Kakaa Ufilipino miaka sita, anatufundisha kuzika." Sifundishi mtu. Wachaga nanyi tulieni, wenzetu mnazika kihambani, kaburi mnaliona mkiwa jikoni, na Desemba mnarudi. Waislamu wa kwetu Idi huwakuta makaburini wanawaombea wazee wao. Nawasema wa aina yangu, Wakristo wa mjini, tunaolia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Yupo atakayeniandikia kwamba huko ni kuabudu wafu. Dada yangu, hawa ni Wakatoliki kukushinda; novena, sala ya siku tisa ya kumwombea marehemu, hawaikosi. Na yule wa kusema wanacheza kamari mbele ya jeneza, ni kweli, wanakesha siku tatu hata wiki wakicheza karata za pesa, na fungu moja wanapewa wafiwa. Kwani kwetu bao chini ya mwembe siku za matanga huchezwa na nani, malaika?

Wala sisemi huku ni peponi. Maskini wa Manila huzikwa kwenye vijumba vya saruji vilivyopangwa kama rafu, kwa muda maalumu. Muda ukiisha mifupa hutolewa apishe mwingine. Wako wanaoishi humohumo makaburini kwa kukosa pa kwenda. Na mkesha wa wiki nzima huacha madeni, msidhani.

Lakini hawa ni watu wanaotofautisha mpunga, mchele na wali kwa maneno matatu kama sisi, palay, bigas, kanin, na wakianza kula lazima wakukaribishe hata kama wewe ni mpita njia. Nimewazoea kama ndugu, ndiyo maana inaniuma wanaponizidi kwenye jambo moja.

Novemba iliyopita mama mkwe aliniuliza baba yangu alipenda chakula gani. Nikamwambia ugali na dagaa. Unga wa ugali hakuupata, akaweka wali na samaki wadogo wakavu, sahani ya pili pembeni ya ile ya mumewe. Nililia pale mbele ya watoto. Nikapiga picha, nikamtumia kaka.

Akajibu: "Nzuri. Hela ya kufyekea bado hujatuma."